Kuhamisha vichupo 180 kutoka Firefox kwenda Chrome kwa skripti

jabali_7
Wakuu, habari zenu. Nina madirisha matatu ya Firefox kwenye Linux, jumla vichupo 180 hivi. Nataka anwani zote ziende Chrome bila kunakili kimoja kimoja. Ndani ya folda ya profaili, kwenye sessionstore-backups, kuna faili recovery.jsonlz4. Jina linasema JSON (data iliyopangwa kama maandishi ya kawaida), lakini nikilisoma kwa json.loads Python inakataa pale pale mwanzo. Faili limeharibika, au kuna hatua nimeruka? Halafu vichupo 180 vikifunguka kwa mpigo, RAM ya GB 8 itahimili?

mfumaji
Faili ni zima. Limebanwa kwa LZ4, njia ya kupunguza ukubwa wa data, ila kwa umbo la Mozilla wenyewe: baiti 8 za mwanzo ni alama mozLz40 na baiti moja ya sifuri, 4 zinazofuata ni ukubwa wa data kabla ya kubanwa, ndipo ije data yenyewe. Ndiyo maana hata amri ya kawaida ya lz4 kwenye terminali hulikataa. Ruka baiti 8 tu. Zile 4 usiziguse, maktaba ya Python inazihitaji ili ijue itenge nafasi kiasi gani.

Sakinisha maktaba kwa `pip install lz4`, nakili faili kwenye folda nyingine, kisha:

```
import json, lz4.block
b = open("recovery.jsonlz4", "rb").read()
d = json.loads(lz4.block.decompress(b[8:]))
for w in d["windows"]:
    for t in w["tabs"]:
        e = t["entries"]
        if e:
            i = min(t["index"], len(e)) - 1
            print(e[i]["url"])
```

Itazame vizuri hiyo index. Kila kichupo kinabeba historia yake yote ndani ya entries, na index ndiyo inayosema sasa hivi uko ukurasa upi. Inahesabu kuanzia 1, si 0, kwa hiyo lazima utoe 1. Skripti nyingi zinazozunguka mtandaoni huchukua entries[-1], na hilo ni kosa: kichupo kilichorudishwa nyuma kwa kitufe kitakupa ukurasa ambao mtu ameshauacha.

Firefox huandika faili hilo kila baada ya sekunde 15 hivi, basi subiri kidogo kabla ya kunakili. Vichupo vya dirisha la faragha havimo kabisa.

jabali_7
Asante mkuu, imekubali, ila imetoa anwani 62 tu. Nilikuwa nimeshaifunga Firefox, recovery sikuiona, nikasoma previous.jsonlz4.

mfumaji
Hiyo previous ni ya kikao kilichotangulia, si cha leo. Firefox ikifungwa vizuri, kikao cha mwisho hukaa kwenye sessionstore.jsonlz4, nje ya ile folda ya backups, ndani ya profaili moja kwa moja. Soma hilo kwa skripti ile ile. Lakini linakili SASA, kabla hujaifungua tena Firefox. Ukiifungua bila kurejesha kikao, vile vichupo vitasukumwa kwenye previous, na mzunguko mmoja zaidi vinapotea.

kamba_nene
Upande wa Chrome: usivifungue vyote kwa mpigo. Vichupo vinavyofunguliwa kwa amri hupakia kurasa zake papo hapo, na kwa GB 8 mashine itaanza kusaga diski. Ingiza anwani kwenye vichupo.txt, moja kila mstari, uzipeleke kwa mafungu kwa xargs, amri inayogawa orodha na kuipa programu nyingine:

```
xargs -d '\n' -n 15 sh -c 'google-chrome "$@"; sleep 20' _ < vichupo.txt
```

Chrome iwe wazi tayari kabla ya kuendesha amri hii. Ikiwa imefungwa, fungu la kwanza ndilo litakaloiwasha, na xargs itakaa ikisubiri mpaka uifunge ndipo ipeleke fungu la pili. Watu hudhani imeganda. Alama za nukuu kwenye "$@" usiziondoe.

Kabla ya hapo chuja orodha. Anwani za about: na moz-extension: hazina maana nje ya Firefox. Ila about:reader?url= usiitupe: ni ukurasa halali uliofunguliwa katika hali ya kusoma, na anwani yake halisi iko baada ya alama ya sawasawa. Ifungue kwa urllib.parse.unquote.

tundu_dogo
Naongeza njia ya kurudi, yaani kutoka Chrome kwenda Firefox, maana itaulizwa. Zamani ulikuwa unaiwasha Chrome kwa --remote-debugging-port=9222, swichi inayoruhusu programu nyingine kuisoma, na kuchukua orodha ya vichupo kutoka /json/list. Tangu Chrome 136 swichi hiyo haifanyi kazi kwenye folda ya data ya kawaida. Lazima uongeze --user-data-dir ya folda nyingine, na hiyo inaanza tupu, vichupo vyako havimo.

Njia rahisi ni alamisho. Katika kila dirisha bonyeza Ctrl+Shift+D, hifadhi kwenye folda uliyoipa jina hamisha. Kisha soma faili Bookmarks lililoko ~/.config/google-chrome/Default, ambalo ni JSON ya wazi, kwa jq, amri ya kuchambua JSON:

```
jq -r '.. | objects | select(.type=="folder" and .name=="hamisha") | .. | objects | select(.type=="url") | .url' Bookmarks
```

Kwenye Firefox kuna nafuu ambayo Chrome haina: kiendelezi kidogo cha muda, unachokipakia kupitia about:debugging, kinaweza kuita browser.tabs.create chenye discarded: true na active: false. Kichupo kinasimama mahali pake bila kupakia chochote hadi ukibofye. Ukikipa na title, utaona jina la ukurasa badala ya anwani tupu. Vichupo 180 vya namna hiyo kwa GB 8 si mzigo.

kamba_nene
Nyongeza moja kwa jabali_7: zinazohama ni anwani tu. Vidakuzi vinabaki Firefox, kwa hiyo utaingia upya kwenye kila tovuti yenye akaunti, na fomu iliyojazwa nusu haitakuja. Kamilisha fomu hizo kwanza, na Firefox usiifute hadi idadi ya vichupo ndani ya Chrome ilingane na `wc -l vichupo.txt`.