Karakana ya nyumbani: nianze na umeme, upepo wa kompresa au kufyonza vumbi?

Seremala wa Tanga
Mafundi wenzangu, salamu. Nina karakana nyuma ya nyumba yangu jijini Tanga, ambamo natengeneza milango na vitanda vya mninga. Randa, msumeno wa meza na kompresa (mashine ya kushindilia hewa) ya nguvu farasi 2 yenye tangi la lita 50 vyote hutumia ekstensheni moja itokayo sebuleni, umbali wa mita 25 hivi. Kompresa inapoanza, taa hufifia na wakati mwingine mota hunguruma tu bila kuzunguka. Vanishi ninayopuliza kwa kompresa hiyo nayo hutoka na matone ya maji. Kwa sasa fedha zinatosha jambo moja. Je, ni lipi?

Fundi Waya
Ni umeme, ndugu yangu, kwa sababu mota inayonguruma bila kuzunguka iko njiani kuungua. Mota ya ukubwa huo ni takriban kilowati 1.5, na kwenye volti 230 huvuta ampea 9 au 10 ikiwa kazini, ila inapoanza huweza kuvuta mara 5 hadi 7 ya kiasi hicho, na ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba hupoteza volti saa ileile ambayo mota inazihitaji zaidi. Mwite fundi mwenye leseni avute laini ya pekee ya milimita za mraba 6 kutoka meni swichi hadi kisanduku cha karakana, kisha kompresa, soketi na taa kila kimoja kiwe na breka yake, usije ukabaki gizani na msumeno ungali unazunguka. Waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja), pamoja na breka ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja, si vya kujadiliwa. Umeme wa njia tatu, wewe huna haja nao.

Mpaka Vanishi
Maji hayo ni unyevu wa pwani ulioshindiliwa ukapoa. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni; mimi nilizembea, tangi likatoboka kwa kutu. Kichujio cha kunasa maji kikae karibu na bunduki ya vanishi, si kwenye kompresa, kwa kuwa hewa ikiwa bado ya moto hupita na maji yake.

Seremala wa Tanga
Nashukuru. Ninazo paipu za PVC za maji zilizoandikwa bar 10 (bar ni kipimo cha shinikizo), na kompresa yangu hujizima ikifika bar 8. Je, zitafaa kusambazia upepo?

Mpaka Vanishi
Hazifai hata kidogo. Kipimo hicho ni cha maji baridi. Zikipasuka zikiwa na upepo hurusha vipande vikali kama vya kioo. Tumia paipu ya chuma, uilaze kwa mteremko kuelekea koki ya kumwagia maji, na kila tawi lianzie upande wa juu wa paipu.

Msasa
Naongeza la vumbi. Maranda ya randa hutaka hewa nyingi na paipu pana ya milimita 100, ilhali vumbi la msasa hutaka mvuto mkali na mpira mwembamba, hivyo mashine moja haitakidhi yote mawili. Kwa sasa vaa barakoa ya kweli, si kitambaa.

Seremala wa Tanga
Basi laini itavutwa mwezi huu, na PVC zitabaki kumwagilia mchicha.