Mcheza kwao hutunzwa, lakini mara ngapi?

Binti Langoni (mwanzisha mada)

Assalam alaykum jamaa wa Amu na Malindi. Naomba tujadili hili bila kutukanana: mwigizaji wa vichekesho vya televisheni akishalipwa ujira wa siku alizoigiza, je, anastahili kulipwa tena kila kipindi kinaporudiwa? Mimi nasema anastahili, na nitabaki hapo mpaka mtu aning'oe kwa hoja.

Aliyenichokoza ni shangazi yangu. Zamani kidogo alipata nafasi katika kipindi cha vichekesho (kituo sikitaji, na mwenyewe hataki kitajwe). Aliigiza jirani mgomvi, yule anayechungulia dirishani na kila kipitacho njiani ana neno nacho. Siku tatu za kazi, bahasha moja, na karatasi aliyotia sahihi bila kusomewa. Hadi leo vipande vile vinazunguka kwenye simu za watu. Juzi tukipita Mkunguni, mtoto ambaye wakati ule hakuwa hata amezaliwa alimwita kwa jina la igizo, akamrushia maneno yake mwenyewe. Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka, kisha akanunua muhogo kwa pesa zangu.

Sasa niwaletee mfano wa mbali. Lucille Ball, mzaliwa wa Jamestown, jimbo la New York, 1911. Alihangaika Hollywood miaka na miaka kwenye filamu ndogondogo, na studio ya RKO, iliyomwajiri miaka ya 1930, haikuwahi kumfanya nyota. Kipindi chake *I Love Lucy* kilipoanza kwenye kituo cha televisheni cha CBS Oktoba 1951 alikuwa ameshatimiza miaka 40, umri ambao kwetu mwanamke anaanza kuulizwa kwa nini hatulii nyumbani. Wenye pesa walitaka kipindi kifanyiwe New York, kiende hewani papo hapo, na mikoa mingine ioneshwe nakala yenye ukungu iliyopigwa kwenye kioo cha televisheni. Yeye na mumewe Desi Arnaz, Mkuba, wakataka kubaki California na kurekodi kwa filamu hasa, kamera tatu kwa mpigo mbele ya watazamaji. Gharama ikapanda. Wakakubali kupunguziwa mshahara, mradi filamu zenyewe ziwe mali ya kampuni yao, Desilu.

Siku hizo kipindi kilichokwisha kurushwa kilikuwa kama gazeti la jana. Lucille akapata mimba, kazi ikabidi ipungue, vipindi vya nyuma vikarushwa tena, na watu wakavitazama vilevile. Kile cha kujifungua, Januari 19, 1953, kilitazamwa na watu wapatao milioni 44. Kesho yake kuapishwa kwa Rais Eisenhower kulipata kama milioni 29. (Neno lenyewe la “mja mzito” CBS ilikataza lisitamkwe. Wazee wetu wangeelewana nao vizuri sana.) Mwaka 1957 Desilu ikanunua studio za RKO, zilezile zilizokuwa zikimtuma. Baada ya talaka alinunua hisa za Desi, 1962, akaiongoza studio mwenyewe, na 1967 akaiuza kwa dola milioni 17.

Linganisheni karatasi yake na karatasi ya shangazi yangu, kisha mseme.

Fundi Milango

Dada, heshima zako. Mimi nachonga milango hapa Amu tangu nikiwa kijana. Mlango mmoja unanila miezi. Mwenye nyumba akinilipa, tumemalizana. Anaufungua na kuufunga kila siku, simdai. Watalii wanaupiga picha asubuhi hadi magharibi, siwadai. Shangazi yako alipatana bei, akafanya kazi, akalipwa. Kitu gani kinamfanya mwigizaji kuwa fundi zaidi yetu?

Mwalimu Malindi

Fundi wangu, mlango wako uko kwenye nyumba moja. Jirani akiutaka kama huo, itabidi aje kwako tena na alipe tena. Uso wa mwigizaji unaingia nyumba laki moja kwa usiku mmoja, na kesho tena, na kati ya kipindi na kipindi yanauzwa matangazo ya sabuni. Angekuwapo mtu mwenye mashine ya kutoa milango mingine elfu kutoka kwenye huo wako, ungenyamaza?

Fundi Milango

Wapo wanaouza picha zake kwenye kadi za posta. Na kweli, sijanyamaza.

Mama Mahamri

Mnasumbuka bure. Arusini tunafanyaje? Mwimbaji keshapatana na mwenye shughuli, keshapewa chake. Akiimba, kina mama wanainuka kumtunza. Tukimwambia rudia, anarudia, na tunainuka tena. Umewahi kusikia mtu akisema “nilishakutunza kwa wimbo huu mwaka jana”? Anayesema hivyo hatualikwi naye tena. Mcheza kwao hutunzwa, wala hakuna aliyesema hutunzwa mara moja.

Mzee wa Mkomani

Mama, lile la arusini ni hiari, na mtoaji yupo mbele ya mpewaji. Hapa mnazungumzia deni. Tena mna hakika kulipana ndiko kunakohifadhi kazi? Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mnamo 1858. Wake wakaunakili kwa mikono, wakaughani majumbani, ukatufikia. Kila anayeughani angedaiwa, ungefika?

Na liko jingine ambalo nyote mmelikwepa. Mwanamke ameigiza ujanani, kichwa wazi, anakimbizwa na ufagio. Leo amehiji, ana wajukuu. Anarudiwa kuoneshwa vilevile. Nyinyi mnauliza alipwe kiasi gani, mimi nauliza kama anaweza kusema basi. Msije mkamlipa ili anyamaze.

Binti Langoni

Babu, hilo la pili limenikaa. Nimemuuliza shangazi. Amesema yeye hataki kifutwe, anataka jina lake liandikwe mwishoni, kwani waliandika la dereva wakalisahau lake. Kidogo liko jibu: mkataba wa kimataifa wa haki za waigizaji, uliokubaliwa Beijing 2012 na kuanza kutumika 2020, unampa mwigizaji haki ya kutajwa na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Kusema “basi, msinioneshe tena” hausemi. Hapo umenishinda, sina cha kujibu.

La Mwana Kupona silikubali. Alimtungia binti yake. Hakuna aliyeweka tangazo la sabuni kati ya ubeti na ubeti.

Mpiga Picha wa Shela

Mimi ninatengeneza vichekesho vifupi, kwa hiyo najua mfuko unavyovuja. Kukodi mashua, mafuta, chakula cha watu kumi na wawili, mvua ikinyesha mnalala bila kupiga kitu. Kazi zangu nyingi hazikurudisha hata pesa ya mafuta. Hakuna mwigizaji hata mmoja aliyenirudishia ujira kwa sababu watu hawakucheka. Sasa ile moja inayopata watazamaji ndiyo wote mnaikumbuka.

Nendeni kwa wavuvi. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, mabaharia wana lao. Siku ya samaki mnagawana, siku ya kukosa mnarudi na chumvi mwilini. Anayetaka mshahara wa uhakika asubuhi asije jioni kudai fungu.

Binti Langoni

Lakini umemweleza Lucille Ball huyo! Alipunguza mshahara, akachukua fungu. Kipindi kingeanguka wiki ya sita, angebaki na makopo ya filamu yasiyo na mnunuzi. Basi narekebisha neno langu la kwanza: sisemi kila mtu alipwe mara mbili. Nasema kila mwigizaji aulizwe mapema, mbele ya shahidi, kwa Kiswahili anachokielewa: unataka mshahara mzima au mshahara mdogo na fungu? Shangazi hakuulizwa.

Mwalimu Malindi

Binti, umeteleza hapo. Lucille alikuwa na mume mjuzi wa biashara, mawakili, na jina tayari redioni. Ndiyo maana aliweza kuchagua. Hata katika kipindi hichohicho, Vivian Vance, aliyeigiza jirani yake na kupata tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyo, hakuwa mwenye kampuni. Mnyonge akiulizwa “mshahara au fungu” huku kodi ya nyumba inamsubiri, atajibu mshahara, na atakayemuuliza anajua.

Ndiyo sababu waigizaji wa Marekani waliligeuza kuwa jambo la chama. Mwaka 1960 waligoma, Ronald Reagan akiwa rais wa chama chao, na wakapata malipo ya filamu zinapouzwa kwa televisheni. Ila tazameni walichokubali: filamu za kabla ya 1960 wakazisamehe, na badala yake watayarishaji wakatoa fedha za kuanzishia mfuko wa pensheni na matibabu. Wazee waliochekesha zamani hawakupata senti kwa marudio yao. Na mambo hayakuishia hapo. 2023 waligoma siku 118, mojawapo ya sababu ikiwa malipo ya kazi zinazotazamwa kwa intaneti.

Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazitambua haki za waigizaji. Tatizo letu ni kwamba wengi hutia sahihi kwanza, kisha wakatafuta mtu wa kuwasomea. Na mwigizaji mmojammoja hana nguvu. Mkija kumi na karatasi moja ndipo mtayarishaji anakaa chini.

Mpiga Picha wa Shela

Wakija kumi na karatasi moja, mimi naenda kupiga Kilifi.

Mama Mahamri

Nenda. Huko nako wana shangazi.

Mzee wa Mkomani

Mimi nakubali mfuko wa matibabu kuliko hayo malipo ya kila mara. Sisi tuliolelewa na vichekesho vya televisheni ya KBC tunamjua Mama Kayai wa *Vitimbi* kama jirani wa ukutani, na mwigizaji mwenzake Mzee Ojwang' alipofariki Julai 2015 hata huku barazani tulikaa kimya, Waluo si Waluo. Aliyekuchekesha miaka yote, akiugua usimpitishie kofia. Lakini swali langu la mwanamke kusema basi bado limelala hapo, na naona vijana mnaliruka kama dimbwi.

Binti Langoni

Haturuki, Babu. Ni kwamba anayetaka kifutwe na anayetaka jina lake liandikwe wote wanahitaji kitu kimoja kwanza, nacho ni nakala ya ile karatasi. Shangazi hana. Ameitafuta sandukuni wiki nzima, amepata risiti ya muhuri tu.

Nimemsomea mjadala wote huu. Amesikiliza, akaniagiza niwaambie kwamba siku ya pili ya kazi walileta punda, apite chini ya dirisha lake. Punda akagoma, tukio likarudiwa kesho yake. Mwenye punda alidai siku ya pili nayo ilipwe, akalipwa hapohapo, tena zaidi yake yeye.

Fundi Milango

Mwenye punda namjua. Hakuweka sahihi popote, alishika kamba tu.