Duka limeniuzia RAM yenye stika juu ya stika, sasa linasema shida ni stima ya kwangu

Wadau, nina hasira na sitajifanya sina. Nimeunganisha kompyuta mpya, kila kipande kwa pesa ya jasho, na duka lililoniuzia RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, linanipiga danadana kama mtu aliyekuja kuomba. Jina la duka silitaji kwa sasa, maana hili jambo huenda likafika kortini. Liko barabara ya Luthuli hapa Nairobi, orofa ya juu, na wanaonunua huko wanajua unavyopokewa ukiwa na pesa na unavyopokewa ukirudi na risiti.

Mashine yenyewe si ya kujionyesha. Prosesa ni Ryzen 5 5600, mazabodi (ubao mkuu) ya B550, diski ya SSD ya NVMe, pawa saplai ya wati 550, na RAM mbili za DDR4, kila moja GB 8, zote zimeandikwa kasi ya 3200. Nahariri video za harusi na ruracio (sherehe za mahari), hiyo ndiyo kazi inayonilipia nyumba hapa Umoja. Vipande vingine vyote nilivinunua kwingine na havijanipa taabu.

Iliwaka vizuri, Windows ikaingia, nikaanza kazi. Kisha skrini ya bluu. Leo inasema MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, kesho kutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kosa likiwa la draiva moja (programu inayoendesha kifaa), mara nyingi hurudi na jina lile lile. Likibadilisha jina kila likija, mshukiwa wa kwanza ni RAM. Na kuna lililoniuma kuliko kuzimika: video imemaliza kutengenezwa, hakuna onyo lolote, unaifungua unakuta pale bwana harusi anapovisha pete kuna miraba ya kijani. RAM mbovu inaweza kukuandikia takataka kwenye diski huku wewe ukidhani umehifadhi kazi ya mteja. Mteja haelewi mambo ya RAM. Anajua umemharibia harusi.

Nikaingia BIOS, ile programu ya msingi ya mazabodi, nikaona RAM inakimbia 2400. Si 3200. Nikapigia duka.

"Bosi, apdeti BIOS."

Nikaapdeti. 2400 vile vile. Nikaweka Windows upya maana waliniambia niweke Windows upya. Bluu. Basi nikaipakata mashine nzima kwenye matatu mpaka mjini, makondakta wakitaka niilipie kiti chake.

Pale kaunta kijana akafungua orodha ya matukio ya Windows, akashuka kidogo, akaona Kernel-Power 41. Uso ukamng'aa. "Unaona hii, bosi wangu? Pawa. Hiyo ni stima ya huko kwenu Eastlands, inaruka ruka." Na papo hapo, wallahi, akajaribu kuniuzia UPS, betri ya akiba ya stima ikipotea.

Kwa faida ya mwingine atakayeambiwa hivyo: tukio namba 41 linasema tu kwamba mashine ilijiwasha upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Basi. Stima ikipotea litaandikwa. Ukishikilia kitufe mpaka izime litaandikwa. Skrini ya bluu ikiangusha mashine litaandikwa. Halimtaji mkosaji. Na kama ni stima, mbona friji, TV na laptopu ya zamani kwenye soketi hiyo hiyo haziruki ruka?

Kipimo chao sasa. Alichomoa RAM zangu, akazichomeka kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, ile ya ex-UK (mtumba wa Uingereza) iliyoko chini ya kaunta. Windows ikafunguka. "Inawaka. Iko sawa." Huo ndio uchunguzi wa duka linalouza vipuri kila siku! RAM yenye sehemu chache zilizokufa itawasha Windows bila shida, kwa sababu Windows ikikaa bure haigusi kumbukumbu yote. Ipe video ya 4K ndefu uone.

Nikarudi nyumbani nikafanya kazi yao. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, mashine ikaanzia hapo bila Windows kabisa, kwa hiyo hadithi ya draiva ikaisha. Zikiwa zote mbili, mistari myekundu. Nikatoa moja, nikaacha nyingine kwenye sloti (nafasi ya kuchomekea) ya A2: raundi zote nne zimepita, makosa sifuri. Nikaitoa hiyo safi, nikaweka ya pili kwenye A2 ile ile: nyekundu kabla hata raundi ya kwanza haijaisha. Nikaihamishia B2: nyekundu tena, na sehemu za kumbukumbu zenye makosa ni zile zile. Kosa linafuata RAM, halifuati sloti. Hapo mazabodi imetoka, prosesa imetoka, pawa saplai imetoka, na stima ya Eastlands nayo imetoka.

Nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha vipande vya mashine, ukurasa wa SPD, pale ambapo chipu ya RAM yenyewe inajieleza. Ile nzima inasema 3200, imetengenezwa 2022. Ile mbovu inasema kasi yake ya juu kabisa ni MHz 1200, yaani DDR4-2400, mtengenezaji mwingine kabisa, mwaka 2017. Ndiyo maana zote zilikuwa 2400: mazabodi huzishusha zote mpaka kasi ya ile ya polepole. Wangeweza kuapdeti BIOS mpaka Yesu arudi.

Sasa nikaileta karibu na taa. Kona moja ya stika ilikuwa imeinuka kidogo tu. Stika ya juu nyeupe pee, imeandikwa PC4-3200AA. Chini yake kuna karatasi ya manjano iliyozeeka, na kwenye ile kona yanasomeka maandishi PC4-2400T. Na zile pini za dhahabu zina mikwaruzo ya kitu kilichochomekwa na kuchomolewa mara nyingi. Hiyo ni RAM iliyotolewa kwenye mashine kuukuu, ikapewa stika, ikauzwa kama mpya. Sikubandua kitu, nimepiga picha ikiwa vile vile.

Nikarudi nazo, picha na ripoti ya MemTest86 mkononi. Safari hii akaja mdosi mwenyewe. Hakuangalia picha. Akaangalia risiti, akasema, "Mkubwa, hii umeitoa kwingine. Sisi hatuuzi kitu kama hii." Naye anajua risiti yake haina namba ya utambulisho (serial number) ya RAM, imeandikwa tu "RAM DDR4 8GB x2, waranti miezi 12" na chini kabisa muhuri wa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Waranti juu, hairudishwi chini, kwenye karatasi moja! Kisha akaniambia nisimfukuzie wateja.

Huo muhuri haunitishi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo yake. Uliniandikia 3200, nipe 3200. Na Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria yake ya 2016 inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Watu husema ni pesa kidogo, achana nazo. Hao wauzaji wanaishi kwa hilo neno "achana nazo". Mimi siachani.

Mnaonunua wiki hii: kabla hujatuma M-Pesa, mwambie aichomeke hapo dukani na afungue CPU-Z ukiona. Namba ya utambulisho iandikwe kwenye risiti. Akikataa, maduka ni mengi.

Nauliza mawili. Kuna aliyewahi kushtaki duka Milimani kwa kifaa ambacho namba yake haiko kwenye risiti, na ujumbe wa M-Pesa pamoja na video niliyopiga nikifungua pakiti vilitosha kama ushahidi? Na kuna mtu wa Umoja, Donholm au Buruburu mwenye GB 8 ya DDR4 3200 asiyoitumia? Nina harusi mbili za watu zinazongoja, nitakodisha hata kwa wiki.