Tupeane uzoefu: mradi wa kujitolea, hitilafu kibao, mnaanza na ipi?

Bisibisi
Habari zenu wana programu huria. Natunza programu ndogo ya kuandikia, mwaka wa 6 huu. Tuko 5, wote wa kujitolea, kila mtu na kibarua chake cha mchana. Naanza na langu, maana linaniuma mpaka leo.

Tulikuwa na ripoti ya rangi za menyu. Watu zaidi ya 40 waliichangia, wengine kwa ukali, nasi tukaishughulikia wiki 3. Kando yake kulikuwa na ripoti ya mistari 2: mtu kafungua faili lake, nusu ya kazi haipo. Hakuna aliyeichangia. Ilikaa miezi 4. Nilipoigusa nikakuta kosa ni letu: tulikuwa tunahifadhi moja kwa moja juu ya faili la zamani. Diski ikijaa katikati ya kuhifadhi, la zamani limeshafutika na jipya halijakamilika. Dawa yake haikufika mistari 20 ya kodi (maandishi ya programu): andika kwanza faili la muda, hakikisha limefika diskini, ndipo ulipatie jina la lile la zamani. Nilimwandikia aliyeripoti kumwomba radhi. Hakujibu.

Tangu siku ile, kinachopoteza kazi ya mtu kinatangulia, hata kama aliyelalamika ni mmoja. Ninyi mnapimaje?

Mpekuzi
Pole sana mkuu. Mimi siandiki kodi, nachambua ripoti tu. Swali langu la kwanza ni kama naweza kuitokeza hitilafu kwenye mashine yangu. Ripoti ya "inaganda tu" hakuna wa kuigusa, hata iwe nzito vipi. Kuna moja ya kuganda wakati wa kuchapisha, niliandikiana na mtumiaji mara 9 mpaka tukagundua kuwa jina la folda yake lilikuwa na herufi yenye alama juu. Nikaandika hatua 4 za kuitokeza. Ilirekebishwa jioni ile ile, baada ya kulala mwaka mzima.

KakaKiraka
Nyote mko sahihi, ila anayejitolea hatumwi. Sisi tulibandika lebo ya "muhimu sana" kwenye ripoti 60 na hakuna aliyeziangalia tena. Debian, mradi wa mfumo huria wa Linux, wana madaraja 3 ya juu ya uzito wa hitilafu; hitilafu ikiingia humo inahesabiwa kuwa ya kuzuia toleo. Tukaiga, tukaongeza sharti letu: za kuzuia toleo zisizidi 5. Anayetaka kuingiza ya 6 aseme ipi itoke, na kwa nini. Mabishano ni makali, lakini watu wanazifanyia kazi kwa sababu wanaona mwisho wake.

NusuKwaNusu
Kwangu inatangulia iliyokuwa inafanya kazi ikaharibika kwenye toleo jipya. Mtu amekuamini, akasasisha, ukamvunjia. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hana mchezo na hilo kwenye kiini cha mfumo huo. Tena hizi kuzisaka ni rahisi: git bisect, amri ya kusaka badiliko lililoharibu, inagawa historia ya kodi nusu kwa nusu, mabadiliko 1,000 unayamaliza kwa majaribio kama 10.

Mlinzi
Za usalama msizijadili hadharani kabla ya kiraka, yaani rekebisho lake. Heartbleed, hitilafu ya usalama, iliingia kwenye matoleo ya OpenSSL (programu huria ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni) mwaka 2012, ikatangazwa Aprili 2014, na waliokuwa wakiutunza mradi ule walikuwa wachache mno. Sisi tuna anwani ya faragha, wawili wanaisoma kwa zamu.

Bisibisi
KakaKiraka, hiyo ya 5 naipeleka kwa wenzangu leo. Ila yule ambaye yake imetolewa mnamwambia nini?

KakaKiraka
Ukweli, siku hiyo hiyo. Haiingii toleo hili, sababu ni hii, na kwa sasa ikwepe hivi. Wawili walihama, na iliuma. Mwingine alirudi baada ya wiki 2 na kiraka chake mwenyewe, tukakaa naye mpaka kikapita majaribio.