Tupeane uzoefu: vyakula visivyo na kolesteroli, wewe unachagua vipi?

Binti wa Bombo
Salaam ndugu zangu. Mwaka juzi mama alipimwa, kolesteroli ikasoma 262, na daktari alitaka isizidi 200. Siku ileile nikapita dukani nikanunua jerikani ya mafuta yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hayana kolesteroli. Bei ilikuwa juu, nikalipa kwa moyo mweupe. Nikakaanga kila kitu, mandazi, mihogo, samaki, nikijua mama yuko salama. Baada ya miezi mitatu ikasoma 268.

Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyenikalisha akanieleza. Kolesteroli hutoka kwa wanyama: nyama, maini, mayai, samaki, maziwa. Mafuta ya mimea hayana, hata yale ya bei ya chini yasiyoandikwa lolote. Yangu yalikuwa ya mawese, na karibu nusu ya mawese ni yale mafuta yanayoganda, ambayo hulifanya ini lishindwe kuondoa vizuri kolesteroli kwenye damu. Na ini lenyewe huitengeneza, hata usipokula nyama mwaka mzima! Niliumia sana. Yale maandishi ni ya kweli, lakini mama yangu yalimdhuru.

Sasa kwetu ni maharagwe, mboga za majani kama dodo na nakati, na mchuzi wa karanga usioongezwa mafuta. Alizeti napima kwa kijiko. Dawa mama hajaacha. Mwezi uliopita: 214.

Nyie mmefanyaje?

Mkulima wa Lira
Pole dada, na hongera. Huku alizeti tunalima wenyewe. Lakini mimi badiliko langu lilikuwa asubuhi: siagi nimeiacha, mkate na viazi vitamu napaka odii ya simsim, yaani ufuta uliosagwa.

Mama Rolex, Busia
Nauza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Wateja wangu wengi siku hizi wananiambia, "Mama, nitolee kiini." Natoa, maana kiini kimoja kina kama miligramu 200 na ute hauna kitu. Ila huwa nawaambia ukweli: mwanangu, unakimbia kiini na chapati yenyewe inaogelea kwenye mafuta? Nimeanza kupaka kikaango kwa kitambaa badala ya kumimina, na kabichi na nyanya naongeza. Wawili watatu walilalamika kwamba chapati imekauka. Wamezoea.

Mzee wa Mbarara
Wanangu, mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Eshabwe yetu ni mchuzi wa samli, na samli ina yote mawili, kolesteroli na hayo mafuta yanayoganda. Nilipoambiwa niipunguze nilihisi naambiwa nihame kwetu. Nyama ya mafuta niliacha bila shida, maini pia. Maziwa nayaengua malai kabla ya kunywa. Eshabwe nimeiwekea siku za harusi tu.

Binti wa Bombo
Shikamoo mzee. Hapo hapo pananishinda na mama. Ukweni wakikuandalia, unakataaje bila kuwavunjia heshima?

Mzee wa Mbarara
Marahaba binti yangu. Sikatai. Napokea bakuli kwa mikono miwili, naonja kijiko kimoja, nasifu mkono wa aliyeitengeneza, kisha nampitishia kijana aliyekaa kulia kwangu. Hakuna aliyewahi kununa, na kijana hufurahi.