Naomba ushauri: mdogo wangu ana mtindio wa ubongo, misuli inakaza na sasa mgongo unamtesa

Habari zenu wakuu, mdogo wangu wa kike ana miaka 26, ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, miguu inakaza mpaka magoti yanagongana, sasa mwaka huu kiuno na mgongo vimeanza kumuuma vibaya hasa akikaa kwenye wilchea muda mrefu, na usiku misuli ikibana anaamka analia. Anatumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, inalegeza kweli ila anasinzia mchana kutwa, na tumeambiwa tusiikatishe ghafla. Mazoezi ya kumnyoosha mama anamfanyia kila siku, anajitahidi sana jamani. Kuna mtu mzima humu mwenye hali hii aliyechomwa Botox ya misuli (sindano ya kulegeza misuli iliyokaza)? Ilipunguza maumivu ya mgongo au ililegeza miguu tu? Na kwenye kiti mito mnaiwekaje asilalie upande mmoja? Tupo Dar.