Mrejesho: Kumbukumbu za kanisa la Eyam

Ndugu zangu, niliuliza iwapo kumbukumbu za maziko za kanisa la Mtakatifu Lawrence, kijijini Eyam, Derbyshire, Uingereza, zilinusurika baada ya tauni ya 1665 hadi 1666. Ziko. Maziko ya George Viccars, msaidizi wa fundi cherehani anayehesabiwa kuwa wa kwanza kufa, ni ya tarehe 7 Septemba 1665. Catherine, mke wa kasisi William Mompesson, alifariki Agosti 1666, na kaburi lake lingali katika uwanja wa kanisa, ambamo pia umesimama msalaba wa mawe uliochongwa kabla Wanormani hawajaivamia nchi hiyo. Simulizi kwamba tauni iliingia kijijini kwa viroboto waliokuja na kitambaa kutoka London siipi uzito uleule, kwa kuwa daftari la maziko hutaja nani alizikwa na lini, si maradhi yalivyoingia.

Madaftari ya kale ya parokia za Derbyshire hutunzwa mjini Matlock, katika jimbo hilohilo. Aliyenishauri nifuatilie pia nakala ambazo, kwa agizo la 1598, kila parokia ilimpelekea askofu wake kila mwaka, amenifaa sana: dayosisi ya Derby ilianzishwa 1927 tu, na enzi za tauni Eyam ilikuwa chini ya dayosisi ya Lichfield, hivyo nakala zilizosalia hutafutwa Staffordshire, jimbo ulimo mji wa Lichfield.